Cha Mvunguni

Mtafuta cha mvunguni sharti ainame.
Sawa.
Lakini mvungu wangu una pande elfu kumi,
na aliyetunga methali hakutuambia
tuiname kuelekea wapi.

Hiyo ndiyo kazi yangu hapa Coventry,
ghorofa ya pili, dirisha la maegesho na mvua.
Wengine hulipwa watafute.
Mimi nalipwa nionyeshe kwamba hakipatikani.
Si kwamba hakipo:
kipo, takwimu zimeshakula kiapo,
ila kompyuta zote zikikesha zikikisaka
jua litatangulia kuzimika.

Chukua watu elfu moja.
Kwa kila wawili rusha sarafu:
kichwa, wanajuana; mkia, hawajuani.
Kisha ficha humo ishirini na watano
wanaojuana wote kwa wote.
Ukiwa na umilele utawaona.
Ukiwa na haraka utaona sarafu tu.
Wangekuwa mia, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza
angewakamata kabla ya chakula cha mchana.
Kati ya "wamo" na "hawa hapa"
kuna bonde, nami nimelima humo miaka tisa.

(Kusema kweli nafunga njia moja moja.
Hii haifiki. Na hii haifiki.
Ile ambayo mbunifu wake hajazaliwa
sina kufuli lake.)

Jumatatu moja ya Februari, Priyesh,
mwanafunzi wangu, mtoto wa Foleshill, viatu chapachapa,
aliweka mezani kurasa kumi na saba.
"Nimewapata, Dokta. Na kwa haraka."
Sikucheka.
Ikiwa ni kweli, makala zangu zote
ni karatasi za kufungia vitumbua.

Nilizipitia siku tatu.
Kwenye basi nikapitiliza kituo,
nikarudi kwa miguu kando ya ile barabara ya mzunguko
ambayo ukikosa pa kutokea
inakurudisha ulikoanzia.
Usiku wa tatu, ukurasa wa kumi na moja,
mstari wa nne kutoka chini:
alama ya "ndogo kuliko" imegeuka,
kidomo kimeachama upande usio wake.

Sikufurahi. Hili sijamwambia mtu.
Nilikaa na kalamu nyekundu
mpaka chai ikafanya utando,
nikitafuta namna ya kuuokoa ule mstari,
mimi, mfunga njia,
niliyeandikishwa mara hamsini ubaoni
penye nia pana njia.

Mama alipiga saa kumi na mbili asubuhi, kwake saa tatu.
"Umepata?"
Huuliza hivyo kila mara, kama anayeuliza maji ya bomba.
"Nimepata kwamba hakipatikani."
Nikasikia akifunika sufuria.

Miaka thelathini alikagua hesabu
za chama cha ushirika kule Korogwe.
"Wezi walikuwamo," akasema.
"Huyu anamsainia yule, yule anamsainia huyu,
vitabu vinanuka.
Majina elfu, mwanangu, na mimi peke yangu na rula.
Nilijua wamo kama ninavyolijua jino bovu.
Nimestaafu sijawajua."
"Ukajisikiaje?"
"Nilijisikia nimestaafu."
Halafu, mstari ukikwaruza:
"Lakini niliandika. Kila mwaka, ukurasa wa mwisho.
Wamo."

Alhamisi nikamrudishia Priyesh kurasa zake,
alama moja imezungushiwa duara.
Aliitazama kama mtu anayesoma jina lake
kwenye orodha ya waliokosa.
"Kwa hiyo njia haipo?"
"Hii haipo."
Akafunga begi, akafika mlangoni,
mkono kwenye kitasa.
"Na kama ningeigeuza makusudi, Dokta?
Nikaanzia hapo hapo ilipogeukia?"

Maandamano ya wino mwekundu kidoleni mwangu
yalikuwa hayajakauka.
Nikamvutia kiti.